Pazia Jeusi la Mzee Kuang

Mzee Kuang alilala kifudifudi, kisogo kimepasuka, mbele ya nyumba ya mizimu ya kiwanja chake, kijumba cha kutambikia kilichoinuliwa juu ya miguu. Vikombe vya chai alivyoiletea mizimu asubuhi hiyo vilikuwa vimesimama palepale juu, havikumwagika hata tone.

Inspekta Charun alimzunguka polepole. Alikuwa mtu mnene. Watu wa Pak Lamphan walisema akipanda mtumbwi, mto hufurika na soko la kaa hufungwa. Lakini macho yake yalikuwa mepesi, na hayo ndiyo yaliyomlisha.

Juu yao lilisimama jengo la mbayuwayu: ghorofa la zege lisilo na dirisha hata moja, matundu tu ya ndege kupita, na vipaza sauti vilivyolia sauti za ndege kutwa nzima. Mji mzima ulikuwa hivyo. Ndege walipanga kwenye maghorofa, watu walibanana kwenye vibanda, na viota vya mate ya ndege vikasafirishwa kwenda kupikwa supu za matajiri.

"Zimeni hayo makelele!" Charun alifoka.

"Hayazimwi, afande," alijibu Sajenti Orathai, mwanamke mwembamba ambaye hajawahi kuonekana akikimbia wala akichelewa. "Yakizimwa, ndege wanahamia kwa jirani. Nimempigia mwanawe, Wirot, yuko Bangkok. Kabla hajauliza baba kafa vipi, kauliza kama spika zinalia."

Daktari wa uchunguzi wa maiti aliinuka akijifuta mikono.

"Pigo moja. Kitu kizito, cha mviringo, laini. Si nyundo, maana nyundo ina kona. Hiki kimeacha shimo kama bakuli."

"Aliyepiga ana nguvu?"

"Mzee alikuwa na mifupa ya biskuti. Hata mwanangu wa chekechea angemuweza."

"Walipambana?"

"Hapana. Aliinama kusujudu, akapigwa kutoka nyuma. Huenda bado anaamini yuko kwenye maombi."

Katikati ya ua palikuwa na mlingoti, na juu ya mlingoti kamera ya kuzunguka, tufe la kioo jeusi. Charun akasogea kushoto. Tufe likageuka kushoto. Akasogea kulia. Likamfuata.

"Inanifuata mimi?"

"Inafuata chochote kinachotembea, afande," Orathai alisema. "Wewe unaonekana vizuri zaidi, basi."

---

Kanali Somphot, mkuu wa kituo, alikuwa ameshakaa ofisini kwa marehemu mbele ya skrini, miguu juu ya meza.

"Umechelewa, Charun. Mtu wangu ninaye tayari."

Alibonyeza. Kwenye skrini Mzee Kuang akatoka mlango wa mbele na sinia ya chai. Kamera ikamfuata hatua kwa hatua hadi kona ya ua, na hapo akaingia ndani ya weusi, kitu kama shuka jeusi lililotandikwa juu ya picha. Hakutoka.

"Nini hiki?"

"Pazia. Mzee hakutaka mashine iikodolee macho nyumba ya mizimu, kwa hiyo fundi akaweka pazia kwenye programu. Kamera ikizunguka, pazia halizunguki nayo. Linabaki juu ya mahali pake kama plasta juu ya kidonda."

Charun hakushangaa. Hakuna apendaye kutazamwa akila, hata mizimu.

"Sasa tazama."

Kijana mwenye ndoo alitoka kwenye jengo la ndege. Alikwenda bombani kunawa, bega lake likagusa ukingo wa weusi, likatoka. Akapanda baiskeli, akapita getini. Kamera ikamfuata mpaka akapotea, ikasubiri kidogo kama mbwa aliyeachwa, kisha ikarudi kwenye doria yake ya kawaida. Muda si mrefu, mkwe wa mzee, Malai, akachomoka ndani ya weusi akipiga mayowe.

"Huyo kijana ni Thura. Mburma, mvuna viota," Kanali alisema. "Tumemkamata sokoni. Kamera imemwona yeye peke yake. Waandishi wako nje, wameshampiga picha. Ijumaa faili liende kwa mwendesha mashtaka."

"Kanali, hebu rudisha hapo mwisho."

"Ya nini?"

"Malai. Nimemwona akitoka ndani ya pazia. Sijamwona akiingia."

Kanali alitazama saa yake. "Charun, ukianza kutafuta watu ambao hawaonekani, tutazeeka hapa."

---

Thura alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, nguo zake zimechafuka kinyesi cha ndege.

"Kazi yako?"

"Navuna viota, bosi. Nafagia mavi ya ndege. Nalala humo humo, chini."

"Leo asubuhi ulimwona mzee?"

"Nilimsikia. Alikuwa anaongea na mizimu. Anaongea nayo vizuri kuliko anavyoongea na sisi."

"Uliingia kwenye ile kona?"

"Nilinawa bombani. Bomba liko kando."

"Baada ya hapo?"

"Nikampelekea mke wangu sabuni sokoni. Anamenya kaa, mikono imemchubuka."

"Ulimpiga mzee?"

"Nimpige ili iweje?" Thura aliinua uso. "Kibali changu cha kazi kina jina lake, bosi. Asipokuwepo yeye, mimi ni mtu haramu. Mnanirudisha ng'ambo. Na ng'ambo sasa hivi wanakamata wanaume barabarani, wanawavalisha sare, wanawatanguliza mbele kukanyaga mabomu. Mke wangu ana mimba kubwa. Mimi ndiye niliyekuwa namwombea yule mzee maisha marefu kuliko mtu yeyote mji huu."

Charun alitoka nje. Penye lango la kituo aliketi mwanamke mwenye mimba, mikono imefungwa vitambaa. Hakulia. Alikuwa anautazama mlango tu.

"Ni Khaing, mke wake," Orathai alinong'ona. "Nimemwambia aende nyumbani. Ananiuliza nyumbani wapi."

"Mwambie nitamtoa mumewe."

"Afande, usimwahidi mtu."

"Mwambie."

---

Fundi aliyefunga kamera aliitwa Dech. Alifika na pikipiki yenye taa tano, miwani ya jua, na maneno mengi.

"Mimi, Inspekta, nimefunga kamera kutoka hapa hadi mpaka wa Malesia. Kuna moja niliifunga Songkhla, ilimkamata mwizi kabla hajaamua kuiba."

"Hongera. Nenosiri la hii ni nini?"

"Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita."

"Nani analijua?"

"Swali hilo! Nimelibandika chini ya skrini ili watu wasisahau."

Orathai alikohoa kuficha kicheko.

"Pazia uliweka wewe?"

"Mimi mwenyewe. Dogo tu, kama leso. Mzee alitaka aone kila kona. Alikuwa anakaa na ule usukani mdogo wa kamera kutwa, kama rubani. Nikamwambia, mzee, hata ndege wenyewe wanalala. Akanifukuza."

"Kama leso? Hebu tazama."

Dech alivua miwani. Akaisogelea skrini mpaka pua ikagusa kioo.

"Hapana bwana. Hili si langu. Hili ni shuka la kitanda cha harusi!"

"Nani mwingine anajua kulichora?"

"Hakuna." Akakuna shingo. "Labda... shemeji Malai. Siku ile alisimama nyuma yangu nikichora. Aliniletea maji ya barafu. Akaniuliza kama pazia linaweza kuwa zaidi ya moja. Nikamwambia hata ishirini, programu haichoki. Mzee akamwambia arudi jikoni."

Wakarudisha picha za jana. Asubuhi, pazia lilikuwa leso: lilifunika nyumba ya mizimu tu, hata miguu yake ilionekana. Kisha mzee akatoka getini, kama ilivyokuwa desturi yake ya kila mchana, kwenda kucheza sataranji ya Kichina kwenye duka la chai. Aliporudi, leso ilikuwa shuka.

"Mzee hakuligundua?" Orathai aliuliza.

"Mzee hakuwa na shida ya kutazama kona ya mizimu," Dech alisema, kisha akafunga mdomo ghafla, akaanza kukunja waya wake.

Charun alisimama mbele ya skrini, mikono kiunoni.

"Fundi, nieleze umbo lake."

"Umbo? Limeanzia nyumba ya mizimu, likafuata ukuta, likaishia mlango wa jikoni. Kazi nzuri, kusema kweli. Halijazidi wala kupungua. Hata bomba kaliacha nje."

"Umesikia, Orathai?"

"Nimesikia, afande."

"Mtu anayetoka jengo la ndege angehitaji pazia linalofunika njia ya jengo la ndege. Thura amepita peupe akaonekana kuanzia kichwa hadi kisigino. Hili pazia linamsaidia mtu mmoja tu duniani: anayetoka jikoni."

Alikwenda kwa Kanali na hoja hiyo. Kanali alikuwa anakula embe bichi kwa chumvi na pilipili.

"Hao Waburma wanajua mitambo kuliko sisi," alisema. "Kalichora yeye ili kumsingizia mwanamke. Niletee kitu cha kushika mkononi, Charun. Kivuli sikitaki."

---

Kitu cha kushika mkononi kilikuwa mbele ya macho yao tangu mwanzo, ndiyo maana hakuna aliyekiona.

Charun alirudi kwenye nyumba ya mizimu. Palikuwa na vikombe vya chai, ubani, maua ya asumini, tembo wa mbao. Na nyuma ya tembo, chupa ya soda nyekundu, imefunguliwa, ina mrija.

"Mzee alikuwa anatoa soda?"

"Mzee Kuang?" Orathai alitabasamu. "Alikuwa bahili hata kwa mizimu, afande. Chai tu, tena majani ya jana. Alisema soda inaozesha meno."

"Mizimu ina meno?"

"Sijawahi kuichungulia mdomoni."

"Basi nani kaleta?"

Orathai alitafakari. "Baba yangu akitaka kuchimba kisima, huweka soda nyekundu kwanza. Unaiomba mizimu ruhusa kabla hujaisumbua. Ukikata mti, ukihamisha ukuta..."

"Ukiifunika shuka."

Walitazamana.

"Angekuwa Thura?" Charun aliuliza.

"Waburma wanatoa nazi na ndizi. Tena Thura hajui kama pazia lipo. Hii ni ya mtu wa hapahapa, aliyelelewa kuiogopa mizimu tangu akiwa mgongoni."

Charun aliishika chupa kwa kitambaa, akaiingiza kwenye mfuko wa vielelezo, akaipeleka kwa mtaalamu wa alama za vidole. Yeye mwenyewe akavuka barabara hadi duka la Bi Lamiat, ajuza aliyejua kila mtu anakula nini na kwa nini.

"Karibu, Inspekta. Usikae hicho kiti, ni cha plastiki. Bado nakipenda."

"Nimesimama, mama. Soda nyekundu jana uliuza?"

"Moja. Mkwe wa mzee. Akataka na mrija. Nikamtania, nikamwambia, mwanangu, una mimba nini, mbona unatamani vitamu? Akaniambia si yake. Hakucheka. Yule binti siku hizi hacheki, na zamani akicheka hapa hata samaki walikuwa wanageuka."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Mzee katoka kwenda kwenye sataranji yake, yeye kaingia. Akanishika mkono, Inspekta. Mkono wake baridi kama barafu ya kuhifadhia kamba."

Majibu ya alama za vidole hayakuchelewa. Ukiondoa za Bi Lamiat, chupani palikuwa na za mtu mmoja tu, na si Thura.

---

Charun angeweza kwenda kumkamata Malai hapohapo. Lakini alikuwa bado hajui kwa nini, na kesi isiyo na kwa nini humlalia tumboni kama wali mbichi. Akarudi ofisini kwa marehemu, akakaa kwenye kiti chenye alama ya makalio ya Mzee Kuang, akashika ule usukani mdogo.

"Programu ina nafasi," Dech alikuwa amemwonesha. "Kila nafasi ni mahali kamera inapokwenda ukibonyeza namba. Zinapangwa, kamera inafanya doria yenyewe."

Akabonyeza moja. Geti. Mbili, mlango wa jengo. Tatu, ngazi. Nne, paa. Zote zilikuwa na majina, zimeandikwa vizuri. Tano, sita, saba, nane: spika, uchochoro, tangi la maji, ukuta wa nyuma.

Namba tisa haikuwa na jina.

Akabonyeza.

Kamera iligeuka haraka, bila kusita, kama mtu anayejua njia ya nyumbani kwake. Ikainua shingo. Ikavuta karibu, ikavuta zaidi. Skrini ikajaa dirisha moja la juu la nyumba ya kuishi, na pembeni yake matundu ya bafu. Dirishani palipigiliwa blanketi. Blanketi lilikuwa limepasuka katikati, na kupitia mpasuko ule kilionekana kitanda, na kanga ya kuogea juu ya kitanda, na hata maua ya ile kanga yangeweza kuhesabika.

Orathai alikuwa amesimama nyuma yake. Namba tisa kwenye kibodi ilikuwa imefutika kwa kubonyezwa. Nyingine zote zilisomeka.

"Zima, afande," alisema mwishowe. "Tafadhali zima."

Charun alizima. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alitamani awe mjinga. Mjinga angesaini faili, angekula embe na Kanali, angelala. Lakini kule kwenye lango la kituo palikuwa na mwanamke mwenye mikono ya vitambaa, ambaye alikuwa ameambiwa neno.

---

Malai alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Alikuwa na umri wa kama miaka thelathini, nywele zimefungwa vizuri, blauzi imefungwa vifungo hadi kooni katika joto lile.

"Karibu, kaka Inspekta. Hamjala."

"Tumeshakula, dada. Mchi wa kinu uko wapi?"

"Ndani ya kinu."

Charun aliuinua. Ulikuwa wa jiwe, mzito, kichwa chake mviringo.

"Mchi umesuguliwa unang'aa. Kinu chenyewe kina pilipili iliyokauka. Watu huosha vyote viwili, dada. Au hawaoshi hata kimoja."

Malai aliendelea kumenya.

"Tutaupima damu. Jiwe hunywa. Hata ukilisugua vipi, linabaki na kitu tumboni."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nasugua huku najua."

"Chupa ya soda ni yako."

"Yangu."

"Pazia ulilichora wewe."

"Mimi." Akaweka kisu chini. "Mmebonyeza tisa?"

Charun aliuweka mchi mezani.

"Tumebonyeza."

"Basi na nyie mmeshanichungulia."

Orathai aliinamisha kichwa.

"Ilianza lini?" Charun aliuliza.

"Kamera ilipofungwa. Mwanzo nilidhani inafuata ndege. Halafu nikaona kila nikiingia bafuni inageuka. Ina sauti, kaka. Ndogo, kama mbu. Nilikuwa naisikia hata ikiwa imesimama. Nikapigilia blanketi, akapanda ngazi akalipasua. Akasema nyumba yake, madirisha yake."

"Hukumwambia mumeo?"

"Nilimwambia. Wirot akasema baba mzee, macho tu yale, hajakugusa. Vumilia, jengo litakuwa letu."

"Ungekuja kituoni, dada. Sheria ipo."

Malai alimtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nilikuja."

Vipaza sauti vililia ndege nje.

"Nilikuja kabla mvua hazijaanza. Kanali mwenyewe alinipokea. Akasema kamera ni ya ulinzi, na anayeogopa kamera ana lake jambo. Akacheka. Akanipa maji ya kunywa, nikayanywa, nikarudi nyumbani. Njiani nikamkuta mzee getini ananisubiri. Alikuwa ameshapigiwa simu."

Charun alivuta kigoda akakaa, kikalalamika chini yake.

"Kwa nini hukuondoka?"

"Niende wapi? Mama yangu analishwa na nyumba hii." Akajifuta machozi ya vitunguu kwa mgongo wa mkono, kama ni ya vitunguu. "Nilimwomba kitu kimoja tu. Nikamwambia, baba, mizimu umeiwekea pazia. Niwekee na mimi, kipande kidogo tu, pale bafuni. Nilipiga magoti, kaka. Akaniambia mizimu ndiyo yenye kiwanja, mimi mpita njia. Akabonyeza tisa mbele yangu, anionyeshe namna blanketi langu lilivyo bovu."

"Ndipo ukaamua."

"Hapo sikuamua kitu. Niliamua nilipojua nitaweza. Mchana ule alipotoka nilikaa kwenye kile kiti, nikafikiria nichore dirisha langu. Lakini angelifuta jioni. Nikaona kitu ambacho hatakifuta ni cha mizimu. Nikanunua soda, nikaomba ruhusa. Nikaiambia, nitawafunika kidogo, na mtaona jambo baya, nisameheni. Ningeifunikaje bila kuiomba?"

"Leo asubuhi?"

"Aliinama. Nikatoka na mchi. Nikapiga. Nikarudi ndani kuusugua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu kamera ifungwe natembea kwenye ua huu bila kuonekana." Alisema hilo taratibu, karibu kwa utamu. "Nilitembea vizuri sana, kaka."

"Na Thura?"

"Amefanya nini Thura?"

"Yuko mahabusu tangu asubuhi. Kamera imemwona yeye peke yake. Angehukumiwa kifo yeye, dada."

Malai aliufumbua mdomo.

"Sikumfikiria," alisema. "Nilifikiria mizimu, nilifikiria mlango, nilifikiria mchi. Yeye sikumfikiria kabisa."

Akanyoosha mikono yote miwili mbele. Orathai alimfunga pingu, na alipomaliza akamshushia mikono ya blauzi zifunikwe.

---

Kanali Somphot alisoma maelezo ya kukiri kosa akiwa amesimama.

"Kazi nzuri. Hii sehemu ya maji ya kunywa itoke."

"Ndivyo alivyosema, Kanali."

"Alikuwa amechanganyikiwa. Iandikwe upya. Ugomvi wa kifamilia, basi."

"Na Thura?"

"Hana hatia, nani kasema anayo? Nimeshawapigia wa uhamiaji. Mwajiri amekufa, kibali kimekufa. Lori linakuja kumchukua, wampeleke Ranong mpakani, wamvushe."

"Nipe hadi kesho. Nitamtafutia mwajiri."

"Una hadi lori lifike."

Charun alikaa kwenye simu. Wenye majengo ya ndege wa Pak Lamphan alikuwa anawajua wote. Nusu yao alishawasaidia kukamata wezi wa viota. Wa kwanza alisema ana watu wa kutosha. Wa pili alisema, "Uso wake uko kwenye simu ya mke wangu, Inspekta, umeandikwa muuaji. Mke wangu atalala vipi?" Charun akamwambia muuaji amepatikana. "Najua," yule akajibu. "Lakini picha haijaondolewa." Wa tatu alikata. Wirot, mwana wa marehemu, alisema jengo anauza na ndege wake, na kwamba watu hawamo kwenye bei.

Alijaribu mpaka sikio likawaka. Alipoinua macho, Orathai alikuwa mlangoni.

"Limefika, afande. Liko nyuma."

Thura alikuwa tayari koridoni, katikati ya askari wawili wa uhamiaji.

"Bosi," alisema, "wameniambia mmemkamata aliyeua."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mnajua si mimi."

"Tunajua."

"Na wao wanajua?" Akawaonyesha wale askari kwa kidevu.

"Wanajua."

Thura alisubiri neno lililobaki. Wakampitisha.

Charun akatoka mlango wa mbele, kwa kuwa miguu haikukubali kwenda nyuma. Khaing aliinuka haraka pale langoni, mkono mmoja kwenye tumbo. Habari ya kukiri kwa Malai ilikuwa imeshazunguka soko zima, na yeye alikuwa ameshakimbia na kurudi. Mkononi alishika shati jeupe la kiume, limepigwa pasi, mistari ya pasi imesimama.

Alipiga magoti, akaunganisha viganja vyake vya vitambaa, akainamia viatu vya Charun.

"Asante, bosi. Uliniambia utamtoa. Nilisema moyoni wanasema tu, kumbe kweli. Nimemletea shati. Ile nguo aliyovaa ina uchafu wa ndege, hawezi kupita nayo njiani watu wakimtazama."

Nyuma ya kituo injini ya lori iliunguruma, ikatulia, ikaanza kusogea.

"Atatokea mlango upi?" Khaing aliuliza, akinyanyuka na kulikung'uta shati vumbi. "Nisije nikasimama pasipo penyewe."